Sungura Juu ya Orodha

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimejitafuta tena kwenye simu. Nimeandika jina langu kamili, lile la kwenye cheti. Mtandao mzima, kurasa zisizo na idadi, na nilicholetewa ni mchezaji mpira mstaafu, marehemu diwani mmoja na duka la betri. Mimi sipo. Nikaandika jina la kitabu changu, Sungura Mia kwa Mwaka Mmoja. Kikatokea ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la vizimba vya kuku. Wa kumi na nne! Nani anafika huko? Mimi tu, kila asubuhi.

Huu ni upendeleo mtupu. Wenye mtambo wa kutafuta nimeshawaandikia barua tatu za malalamiko. Wamejibu moja, kunishukuru kwa maoni yangu. Mke wangu anasema labda watu hawakitafuti. Nikamuuliza watakitafutaje na hakionekani? Akarudi kwenye madaftari yake.

Simlaumu. Ni mkunga, na Ijumaa ya wiki ijayo ana mtihani wa kupanda daraja. Ameshaufanya mara mbili na mara mbili umemwangusha. Huu wa tatu ndio wa mwisho, kanuni hazina wa nne. Nyumba nzima tunanyata.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, ameuliza kwa mara nyingine hao sungura mia wako wapi. Nilifuga wawili kwa miezi minane. Wote madume. Hilo halimo kitabuni.

Jumanne, 5 Mei

Siku kubwa! Maktaba yetu imepata mtambo wake wa kutafuta. Kompyuta tatu pale ukumbini. Msomaji anaandika neno, analetewa vitabu vyetu vya rafuni na kurasa za mtandaoni kwa pamoja, orodha moja ndefu. Dada wa kompyuta aliyekuja kuufunga alihitaji mtu wa kumkabidhi nywila. Bwana mmoja tunayemwita Miwani alikuwa juu ya ngazi anapanga kamusi. Mimi nilikuwa nimekaa. Nikakabidhiwa mimi.

Miwani ni mwenzangu wa kazi. Ana jozi mbili za miwani, moja machoni na moja kwenye kipaji cha uso, ndiyo maana ya jina. Miaka ishirini na miwili anapita kati ya rafu kwa raba zisizo na sauti. Wasomaji wanampenda, sijui kwa lipi, maana kusema hasemi. Tunawania nafasi moja, ya usimamizi wa ukumbi, na Mkutubi Mkuu atataja jina tarehe kumi na nane. Nyumbani nimeshasema nimeipata. Lilinitoka tu, mama mkwe alipokuwa ananitazama vile anavyonitazama.

Dada wa kompyuta akanionyesha vitufe viwili: Pandisha na Ficha. Ukipandisha, kitabu kinakuja juu ya orodha. Ukificha, msomaji anajibiwa hakuna kilichopatikana. Akaniasa nivitumie kwa nadra na kwa haki. Akaongeza kuwa mtambo hujifunza kutokana na vile watu wanavyobofya vitabu. Nikamwambia aondoe wasiwasi, dhuluma ya mitambo naijua, mimi mwenyewe ni mhanga.

Jumatano, 6 Mei

Nimepandisha kitabu kimoja tu. Changu. Si upendeleo huu, ni kusawazisha ule wa kule nje.

Sasa ukiandika ufugaji, cha kwanza ni sungura. Sawa kabisa. Ukiandika kilimo, sungura. Ukiandika sheria za ardhi, sungura. Ukiandika mashairi, sungura. Huenda nilibonyeza mara nyingi kidogo.

Mwalimu mstaafu alikuja kutafuta historia ya reli, akaenda kukaa na sungura dirishani. Baada ya nusu saa akaja kulalamika kwamba amefika ukurasa wa arobaini na reli hajaiona. Nikamweleza kwamba historia ni pana.

Kuhusu kule kujifunza: mwanafunzi huhitaji mwalimu. Nimekibofya kitabu changu mara themanini na moja kabla ya chai ya saa nne. Kidole cha shahada kimevimba.

Alhamisi, 7 Mei

Kikao cha asubuhi. Mkutubi Mkuu hakusema neno kuhusu sungura. Alimsifu Miwani mbele ya watu wote! Eti ametengeneza kwenye mtambo orodha ya vitabu anavyowapendekezea wasomaji, sitini na vinne, na wasomaji wamefurahi. Miwani akashusha miwani ya kipajini juu ya ile ya machoni, akainama. Kujishusha huko ni kwa makusudi.

Nikarudi mezani damu inachemka. Nikaikuta orodha yenyewe. Imefungwa fungu moja, kwa hiyo vitabu vyake vyote vinafichika kwa kitufe kimoja. Kusoma majina sitini na manne sikuona haja, mtu nina kazi zangu. Nikabonyeza. Hakuna kilichopatikana. Tamu!

Kuna watakaosema ni kudhibiti habari. Mimi nasema nimepunguza msongamano.

Ijumaa, 8 Mei

Jioni mke wangu aliniambia amepata habari njema wodini. Lipo buku la ukunga la toleo jipya, nene, jalada la buluu, na mji mzima lipo moja tu: maktaba kwetu. Mtihani wote unatoka humo. Haliazimishwi, kwa hiyo atakuja kulisomea ukumbini kila akitoka zamu. Akaniomba nimtafutie nimwekee pembeni.

Nikakataa. Nilimweleza kwa upole kwamba mtumishi wa umma habebi jamaa zake. Aje kesho atafute kwenye mtambo kama raia wengine. Ukweli ni kwamba nilitaka aone kile kinachotokea juu ya orodha. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kuniona wa kwanza mahali popote.

Jumamosi, 9 Mei

Alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, bado na sare, madaftari kwapani. Akakaa kompyuta ya kati. Akaandika ukunga. Sungura. Akaandika uzazi. Sungura tena, na hapo mtambo haukukosea, kuna sura nzima ya uzazi. Akanitazama. Sikuona fahari machoni mwake, niliona usingizi.

Akaandika jina kamili la buku la buluu. Hakuna kilichopatikana.

Akauliza nina hakika? Nikasogeza kiti nikatafuta mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kutumia jina, kisha mwandishi, kisha mwaka. Hakuna, hakuna, hakuna. Nikamwambia basi hakipo. Mtambo huu si wa kubahatisha, ukisema hakipo hakipo. Lazima kuna mwizi. Nikamlaani huyo mwizi kwa sauti, mpaka msomaji wa magazeti akageuka.

Akasema pengine amuulize Miwani. Miwani Jumamosi hayupo, nikamwambia, na hata angekuwepo, Miwani ni nani mbele ya mtambo? Akaegemea meza kidogo. Kisha akakusanya madaftari yake akaondoka, mabega yamemshuka. Roho iliniuma, nasema kweli.

Jumapili, 10 Mei

Mke wangu anasomea jikoni buku aliloazima kwa mwenzake. La zamani mno. Kurasa za katikati hazipo kabisa, na zilizopo zinasema mambo ambayo wodini yameachwa siku nyingi. Anasoma ukurasa, anafuta macho, anasoma mwingine. Wali ukaungua. Tukaula hivyohivyo.

Mama mkwe alisema kwa niaba ya wote. Aliuliza ni msimamizi gani wa ukumbi anayeshindwa kupata kitabu kimoja ndani ya ukumbi wake mwenyewe. Nikajibu kwamba kimeibwa. Akauliza kama mwizi amekamatwa. Nikasema uchunguzi unaendelea.

Jumatatu, 11 Mei

Kuna jambo la ajabu ukumbini. Kompyuta zangu tatu hazina watu, isipokuwa mzee mmoja anayechaji simu. Watu wote wamepanga foleni kwa Miwani! Mtu anamwambia anataka nini, Miwani anafumba macho, anaondoka na raba zake, anarudi na kitabu. Hatafuti popote. Miguu yake inajua. Mwalimu wa reli amepata reli zake, mbili, na ramani.

Nilihesabu watu thelathini na wanane mpaka mchana. Nikawatangazia kwamba mtambo una kasi zaidi. Mshonaji wa duka la jirani akanijibu kwamba yeye anatafuta mitindo ya mashati, na sungura hawavai.

Nimebandika tangazo: Maswali Yote Yapelekwe Kwenye Mtambo. Miwani alilisoma kwa miwani zote mbili, akaitikia kwa kichwa, akahamishia ngazi yake upande wa pili wa nguzo. Foleni nzima ikahama naye.

Jumatano, 13 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa saba mchana mke wangu alipita kuniletea funguo nilizosahau. Akaiona foleni. Akasimama mwishoni, nyuma ya mshonaji, kama raia wengine. Mimi nilikuwa karibu na nguzo na kikombe cha chai, nikajiambia sawa, ajionee, Miwani naye akwame hadharani.

Zamu yake ilipofika akataja jina la buku. Miwani hata macho hakufumba. Rafu ya tatu kutoka dirishani, chini kabisa. Akarudi nalo mikononi. La buluu. Akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, akampa. Mke wangu akacheka kwa sauti, katikati ya ukumbi wa kusomea, kisha akalikumbatia akaanza kulia. Watu wote wakatazama. Miwani akatazama viatu vyake.

Chai ikanimwagikia. Nikakimbilia meza yangu, nikafungua lile fungu la vilivyofichwa, nikasoma majina kwa mara ya kwanza. Namba moja, historia ya reli. Namba saba, mitindo ya mashati. Namba kumi na tisa, buku la ukunga, toleo jipya.

Yule mwizi niliyemlaani Jumamosi, nilimlaani vizuri sana.

Mkutubi Mkuu akaniita kutoka ofisini nikampe mhuri, nikaenda mbio. Niliporudi nikafikiri: nikifichua, mtu atauliza ni nani aliyeficha. Na buku liko mikononi mwa mke wangu tayari, mtambo una lipi la kuongeza? Nikaviacha kama vilivyo. Nadhani ni uamuzi wa busara. Sijala chakula cha jioni.

Alhamisi, 14 Mei

Mke wangu amesoma mpaka tunafunga, jana na leo. Miwani alimwekea meza peke yake na taa. Macho yake yalipochoka, Miwani akavua ile miwani ya kipajini akamwazima. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuona kipaji cha yule mtu. Kina alama mbili nyekundu.

Nyumbani amesema zimebaki sura nne, hatazimaliza. Angekuwa na siku tatu zaidi, amesema. Nikasema siku hukimbia. Akageukia madaftari yake.

Ijumaa, 15 Mei

Mtihani. Ametoka alfajiri. Nilimtakia heri mlangoni. Akanitazama, akasema tutazungumza yote yakishapita. Hofu ya mtihani hiyo, nikajiambia.

Kazini, balaa. Dada wa kompyuta hakuniambia kitu kimoja: mtambo huandika ripoti. Kila baada ya siku kumi unajichapishia wenyewe, kwenye printa ya Mkutubi Mkuu. Una shajara yake! Tarehe, saa, dakika, na jina la aliyebonyeza. Shajara yangu mimi angalau ina adabu, mambo mengine inayaacha.

Ukurasa wa kwanza: kitabu kilichobofywa kuliko vyote, Sungura Mia kwa Mwaka Mmoja, mara elfu moja mia mbili na kumi na nne. Zote kutoka meza namba moja. Hiyo ni meza yangu. Ukurasa wa pili: vitabu sitini na vinne vilivyofichwa, Alhamisi tarehe 7 Mei, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi. Na jina. Mwaka mzima natafuta jina langu juu ya orodha, na hatimaye liko hapo, herufi nzito.

Jumatatu, 18 Mei

Niliitwa. Mkutubi Mkuu alikuwa na ripoti mbele yake na mkono shavuni. Nikajieleza kwa mapana: upendeleo wa mitambo mikubwa, ukurasa wa kumi na nne, vizimba vya kuku, barua tatu. Mtu akinyimwa haki huko nje, aitafute wapi kama si kwenye meza yake? Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama nilivisoma hivyo vitabu kabla ya kuvificha, au walau majina. Nikasema kusoma kungenifanya nielemee upande. Akauliza mtu anayeficha asichokisoma anaitwaje. Sikujua. Nikaahidi kutafuta.

Nywila imechukuliwa. Mtambo umezimwa mpaka dada wa kompyuta aje kuusafisha, mwezi ujao au mwingine. Msimamizi wa ukumbi ni Miwani. Walitaka kunisimamisha kazi, na nasikia aliyenitetea ni huyohuyo Miwani. Alisema sentensi moja tu, kwamba nina mwandiko mzuri. Kwa hiyo makabati ya zamani ya kadi za kutafutia vitabu yametolewa stoo, droo arobaini na nane, na kadi zimeliwa na mende. Kazi yangu ni kuziandika upya kwa mkono, katika chumba kilicho chini ya ukumbi.

Mama mkwe nimemwambia nimehamishiwa kwenye msingi wa maktaba. Akauliza kama huo msingi una dirisha.

Ijumaa, 29 Mei

Matokeo yametoka. Amepita! Kwa alama mbili. Mama mkwe amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaoa.

Watu walipotawanyika tukabaki jikoni wawili. Akanimiminia chai. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba amejua tangu Jumatano ile. Alinifuata mezani anionyeshe buku, mimi sipo, skrini iko wazi. Namba kumi na tisa, na jina langu pembeni. Hakusema kwa sababu mtihani ulikuwa keshokutwa na nguvu za kugombana na mimi hakuwa nazo.

Alama mbili, akasema. Sura nne hakuzisoma, na maswali mawili yalitoka humo. Siku zake zilipotea kwenye buku lililochanika, na mimi mumewe nimekaa juu ya lile zima. Akauliza, angekosa hizo alama mbili, ningemtafutia mtihani wa nne kwenye mtambo gani?

Nilifungua mdomo, hakuna kilichopatikana. Niliona haya, haya ya kweli, mpaka chai ikapoa. Nikamwomba radhi. Nikaapa mbele yake kwamba maisha yangu yote sitapandisha wala kuficha kitu tena. Akanishika mkono, akasema yameisha.

Jumapili Miwani anakuja kula kwetu. Amealikwa na mama mkwe.

Jumatatu, 1 Juni

Miwani alikula sahani mbili na hakusema kitu. Mama mkwe anasema hajawahi kukutana na mtu mwenye mazungumzo mazuri kama yake.

Huku chini si kubaya. Pametulia. Naandika kadi kwa wino mweusi, herufi za kuumbika. Na leo, kabla ya chai, nikagundua jambo. Msomaji akivuta droo, anachokiona kwanza ni kadi ya mbele. Na kadi ya mbele ni ipi, hakuna aliyeniambia. Vitufe hakuna. Ripoti hakuna. Mbao haziandiki shajara!

Kiapo changu nakiheshimu. Sijapandisha kitu, nimetanguliza tu. Sijaficha kitu pia. Zile kadi sitini na nne za Miwani zote zipo, nimeziandika kwa penseli ngumu, mwenye macho ataziona. Sungura nimeandika kadi arobaini na nane, moja mbele ya kila droo.

Ila mimi si mtu wa roho mbaya. Buku la ukunga nimelitoa kwenye zile za penseli. Kadi yake ina wino mzito na mstari mwekundu chini, kwa heshima ya mke wangu. Nimeiweka mbele kabisa ya droo yake, mahali ambapo hakuna atakayeikosa.

Ya pili.